Kengele, Daraja na Mimi

Jumatatu, 4 Novemba
Venezia

Kengele imeshushwa gatini leo. Mama yangu! Kubwa kuliko jiko letu. Wapakuzi, watu wanaotukanana tangu alfajiri, wamevua kofia. Nimeigusa kwa kidole. Ikanguruma, nami nikaisikia tumboni.

Bi Nerina, msimamizi wa gati, katangaza: atakayeifikisha kanisani kwa Padre Egidio atapewa nafasi ya mzee Bepi aliyestaafu, ile ya kufunga mashua chini ya winchi. Mimi siku zote nafunga mashua yangu kule mwisho, kwenye mapipa ya taka! Nafasi ile nimeiota mpaka mke wangu kachoka.

Mpinzani wangu Ferruccio kasema maji yamejaa, daraja la kanisani halipitiki, tungoje Alhamisi. Mwoga! Kengele ni nzito, mashua itadidimia, kibanda cha usukani kitapita. Sijui akili hizi nazitoa wapi.

Jumanne, 5 Novemba

Imepita! Kati ya paa la kibanda na daraja, unene wa kidole. Nilifumba macho. Akina mama madirishani walifanya ishara ya msalaba.

Winchi ya kanisani ikainyanyua kengele. Ikaning'inia juu ya mfereji, inang'aa. Sijapata kuona kitu kizuri vile. Nimelia, wala sioni haya.

Kisha nikahisi miguu inapanda. Mashua tupu inainuka. Inainuka! Nirudi chini ya daraja? Thubutu! Na mbele mfereji unaishia ukutani.

Ferruccio kaja kusimama darajani na mkate wake. Kauliza kama nimehamia parokia hii.

Jumatano, 6 Novemba

Maji yamezidi. Nimemwomba Padre aniazime wanakwaya, wanipe uzito. Wakapanda wote, vicheko tele. Mashua ikashuka vizuri. Lakini vichwa vyao vikawa juu kuliko kibanda! Nikawasihi walale chali. Bibi Gigia, mkongwe wa kwaya, kasema hajawahi kulala chali mbele ya padre na hataanza leo. Wakashuka.

Ndipo wazo likanijia. Maji yenyewe! Nikachota ndoo baada ya ndoo, nikamwaga ndani. Ikashuka. Nikapita nikishangilia. Injini ikakohoa, ikakata roho. Ferruccio kanivuta kwa kamba mpaka gatini, akiimba njia nzima.

Alhamisi, 7 Novemba

Bi Nerina havunji ahadi. Kengele ilifika, nafasi ni yangu, ingawa alinipa huku kageuza uso. Nikafunga mashua chini ya winchi, nikaenda kunywa glasi ya shukrani. Kurudi, kamba ipo, mashua imezama na maji niliyosahau kuyachota! Limebaki paa la kibanda, na shakwe kakaa juu yake. Bi Nerina kaniambia nafasi niliitaka, basi nimeipata mpaka chini kabisa.

Adhuhuri kengele ikalia mara ya kwanza. Ee Mungu! Gati zima likasimama. Mbao za gatini zikatetemeka chini ya miguu yetu. Ferruccio kanishika bega, kaniambia eti mjinga kama mimi ndiye aliyeileta. Tukalia wote wawili.

Wiki ijayo linakuja sanamu la marumaru, la kanisa lile lile. Zito mara mbili! Wenzangu wanasema wangoje maji yashuke. Nimemwahi Bi Nerina: mashua ikishaopolewa, mzigo wangu. Uzito ule, nitapita chini ya daraja nimesimama. Habari ya kurudi nitaifikiria nikishafika.