Rezista Mbili za Clem Pascoe

Jumatatu, 4 Agosti
Wallaroo. Baridi ya kung'oa meno, hata ya bandia. Nimeamua! Kabla ya Jumapili jina langu litaingia kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta, na litakaa humo hata nikishaoza. Trembath, mwenzangu wa zamani wa reli, kaingia mara kumi na moja. Kumi na moja! Mtu aliyekuwa akikata tiketi stesheni! Mimi nimeshika ishara za reli miaka arobaini na moja. Shule niliacha na miaka kumi na minne, ikanikumbuka wiki nzima. Hakuna treni iliyogongana mikononi mwangu. (Ile ya Kadina iligusa tu.)

Leo kwenye Banda la Wanaume, kilabu chetu wastaafu, pale kati ya randa na birika la chai, Trembath kasoma barua ya binti wa Dunedin, Ngaire Tuhiwai. Ameleta kiraka, yaani nyongeza ya programu: kiendeshi kipya cha kidhibiti cha njia. Kwa lugha ya watu: kwenye bodi, kile kibao cha umeme, kuna nyaya mbili, vihisi vyote vya kupima joto na kadhalika vinasemea humo humo, na kidhibiti ndiye mshika ishara. Wewe sema, wewe nyamaza. Kiendeshi ni maelezo ya kuifundisha kompyuta kuelewana naye. Sasa, nchi hii nzima, nani anajua ishara kunishinda?

Anayekikagua vizuri huandikwa chini yake: "Kimekaguliwa na fulani." Mkuu wa kona yetu ya mfumo anafunga mlango wa kupokea viraka Jumapili. Ngaire katuma bodi za majaribio kwa waliotaka. Trembath anayo. Mimi ninayo. Vita!

Jumanne, 5 Agosti
Mistari mia sita. Nimesoma ishirini. Chumvi ya mchuzi huonjwa kwa kijiko kimoja, si kwa sufuria.

Kosa nimeliona palepale! Mistari ya juu haikupangwa mrefu kwanza, mfupi mwisho, kama ngazi. Aibu iliyoje. Nimeandika malalamiko kumi na manne. Mke wangu Avis kanisahihishia herufi. Nikayatia rangi nyekundu na maandishi manene, binti aone uzito wa mtu. Nimetuma kwa orodha nzima ya wakaguzi, dunia nzima.

Mashine imeirudisha barua yangu. Ati hawapokei barua yenye mapambo. Avis kasema alinionya. Hakunionya, alikohoa tu. Nimetuma tena, kavukavu.

Jumatano, 6 Agosti
Trembath kanijibu mbele ya kadamnasi! Ati ngazi hizo ni desturi ya watu wa mitandao, kona yetu haina. Ati Bwana Pascoe kaingia matanga ya jirani na analia kuliko wafiwa. Watu wa Helsinki wamecheka. Mmoja wa Brazili katuma kikatuni.

Ngaire peke yake ana adabu. Kaniita mzee wangu, kashukuru, kauliza kama nimeijaribu bodi yenyewe. Sijaijaribu. Nimemjibu nilikuwa karibu kuanza.

Alhamisi, 7 Agosti
Bodi iko mezani, Avis kahamishia unga wake kwenye kochi. Karatasi ya maagizo inasema nichomelee rezista mbili, vizuizi vya umeme, moja kila waya. Rezista! Tulivuta waya maili tano mpaka Kadina bila kitu kama hicho. Vidude kama mbegu za papai, vya urembo. Nimevitupa kwenye kopo la vifungo.

Nikawasha. Kompyuta ikaganda. Si kuganda kidogo, kuganda kama maiti! Nikazima, nikawasha. Ikaganda. Mara ya tatu hivyo hivyo. Nimecheza jikoni, goti likalia, sikujali. Nimeandika kwa dunia nzima, herufi kubwa, bila rangi: KIENDESHI HIKI KINAUA KOMPYUTA. PASCOE KAKIKAMATA.

Trembath, umekwisha.

Ijumaa, 8 Agosti
Trembath kaja na pasti mbili za moto, mikate ya nyama, kwenye gazeti. Kaiangalia bodi. Kauliza rezista ziko wapi. Nikamwambia nimeamua hazina kazi. Kacheka mpaka pasti ikampalia! Nimempiga mgongoni nimwokoe, nguvu kidogo zaidi ya zinazotakiwa.

Ati zile rezista ndizo zinazozivuta nyaya juu, yaani umeme wake. Bila hizo nyaya zinalala chini, na kidhibiti kinadhani kuna mtu anasema muda wote, kinasubiri amalize. Kafukua kopo la vifungo, kachomelea mwenyewe. Kawasha. Ikafanya kazi. Kihisi kikaandika joto la jikoni kwetu: nyuzi kumi na tisa. Nikasema hilo ni joto la pasti zake.

Nimeapa sitakiri. Avis kasimama na mwiko. "Mwambie mtoto wa watu ukweli, we mwanamume, kabla hajatafuta kosa lisilokuwepo mpaka aote mvi." Nimeandika maneno matano. "Rezista sikuziweka. Sasa inafanya kazi."

Sijala. Nimekula pasti tu, na nusu ya ile ya Trembath.

Jumamosi, 9 Agosti
Trembath kamwandikia mkuu kwamba hatatia jina lake mpaka suala la Bwana Pascoe litazamwe vizuri. Anaogopa! Avis anasema huo ni urafiki. Wanawake hawaelewi vita.

Halafu Ngaire! Anasema hata nyaya zikiwa mbovu, kiendeshi hakina ruhusa ya kusubiri milele na kuigandisha kompyuta nzima. Kinapaswa kisubiri sekunde moja, kikate tamaa, kitoe taarifa. Kosa ni la kweli! Waliojaribu wote waliweka rezista kama walivyoambiwa, hakuna aliyeliona. Wasomi! Kalirekebisha leo leo.

Nimeisoma barua mara sita. Avis kaisoma ya saba, kwa sauti, nilikuwa na kitu jichoni.

Jumapili, 10 Agosti
KIMEPITA! Mlango umefungwa na mimi nimo ndani. Trembath kaja kunisomea, miwani yangu ilikuwa na ukungu. "Kimekaguliwa na Trembath." Ya kumi na mbili, haya, hongera zake. Na juu yake, juu kabisa: "Kosa limeripotiwa na Clem Pascoe, aliyesahau kuweka rezista."

Trembath kanishika mkono muda mrefu. Kasema, "Milele, Pascoe! Vitukuu wa vitukuu wako watasoma kwamba ulisahau." Akajifuta macho. Ya kicheko, anadai.

Kusahau ni adabu ya yule binti tu. Ile ni mbinu. Trembath ana majina kumi na mawili na hakuna hata moja lenye hadithi! Nimeshaomba bodi nyingine, ya kiendeshi kingine, kutoka Tampere. Hiyo karatasi yake sitaifungua kabisa.

Trembath kaenda kumsaidia Avis kuchemsha chai, kaacha hapa mezani bodi yake aliyokuja nayo. Maskini, yote kumi na mawili kwa kufuata maagizo. Nimezing'oa rezista zake mbili na kuzitia kwenye kopo la vifungo. Hajajua bado. Atanishukuru.