Ukungu wa Mzee Johana

Jumatatu, 2 Juni 2025

Leo maisha yangu yameanza. Yale mengine yote yalikuwa mazoezi.

Kamera imefika! Nimeinunua kwa kuuza yule mtamba ambaye Mjomba Kipsang alinipa nilipotoka jandoni. Mjomba hajui bado. Mama anajua, na ameusonga ugali wa mchana kwa hasira mpaka sufuria ikalia. Nimemweleza kwamba ng'ombe hutoa maziwa tu, lakini kamera hutoa majumba. Amesema hajaelewa. Hata mimi sikuelewa sana, ila ilisikika vizuri.

Mpango wenyewe: kupiga picha za nyumba zinazouzwa. Hapa Kimulot hakuna anayeifanya kazi hii. Nimempigia Caren, dalali wa Kericho mjini. Amesema ana nyumba ya kunijaribu, ya Mzee Johana, kule juu karibu na msitu. Ikipata mnunuzi kwa picha zangu, nitapiga nyumba zake zote. Nikishindwa, atamwita Bosire wa Sotik.

Bosire! Mtu wa picha za pasipoti! Kazi yake ni kuwaambia watu wainue kidevu!

Baadaye nimejinyoosha kitandani na kuliona jina langu juu ya mlango wa ofisi. Noah, Mpiga Picha za Majumba. Herufi za dhahabu. Mama ameniita mara kadhaa nikawafungie ndama. Sikusikia vizuri.

Jumatano, 4 Juni

Mzee Johana alikuwa karani katika kiwanda cha chai. Sasa amestaafu, ni mjane, na magoti yake hayaiwezi tena baridi ya huku. Mwanawe anaishi Soin, kwenye joto, na ameshamchimbia msingi wa nyumba ndogo. Kuta na mabati vinangoja hii ya huku iuzwe. Daktari amemwambia Julai isimkute hapa. Alinieleza haya akiwa kando ya jiko, mikono yote miwili juu ya magoti.

Nikamwahidi kwamba Julai ataota jua la Soin. Nikaahidi tena. Nikiahidi huwa nasikia raha sana.

Alininywesha chai. Kisha mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu. Kisha chai. Kufikia wakati wa kutoa kamera, mvua ya mchana ilikuwa imefika. Sijapiga picha hata moja. Siku nzuri lakini.

Alhamisi, 5 Juni

Nimefika asubuhi na mapema. Ukungu ulikuwa unateremka kutoka msituni polepole, ukiingia katikati ya mashina ya chai, ukipanda ngazi za nyumba kama mgeni aliyevua viatu. Nilisimama tu. Machozi yalinitoka, nasema kweli.

Shida mbili. Ya kwanza, tangi la maji. Jeusi, nene, limesimama pembeni mwa nyumba na kuharibu kila kitu. Nikalifunika kwa shuka ya Mzee ya rangi ya samawati. Shida ya pili, Mzee mwenyewe. Alisikia kamera imekuja, akatoka na suti na tai, akasimama wima mlangoni kama askari. Nikamwambia kwa heshima kwamba tunapiga nyumba peke yake. Akasema ameelewa. Akasogea kidogo kushoto.

Nimepiga picha nyingi sana. Zote ni ndoto.

Jumamosi, 7 Juni

Caren amezitazama. Amenipigia na kuniuliza: "Noah, hii nyumba tunauza ama tunaficha?" Anasema ameona pembe moja ya paa na kitu kama tai.

Nikamweleza kuhusu hisia. Akasema mteja halali ndani ya hisia, analala chini ya mabati.

Sawa. Mpango wa pili: kijani! Nyumba imezungukwa na chai pande zote. Zamu ya kuchuma ilikuwa Jumatatu ijayo. Nimekimbia kwa Mzee kumsihi asichume. Machipukizi yakiachwa yainuke, jua likiyapiga, yatang'aa kuliko kitu chochote katika Konoin nzima.

Mzee alishtuka. Alisema tangu apande mashina hayo na marehemu mkewe hajawahi kuruka zamu, hata wiki ya mazishi walichuma. Lakini kama hiyo ndiyo njia ya Soin, basi. Akawaambia wachumaji wasije.

Jumatano, 11 Juni

Jua! Muda mfupi, lakini jua! Nimepiga. Nyumba inaelea juu ya kijani. Tangi chini ya shuka linaonekana kama kipande cha mbingu. Caren amesema sasa hii ni nyumba. Na tayari ana mteja: Mama Mongina, mfanyabiashara wa ndizi pale Sotik. Anakuja Jumatatu.

Mzee ameniuliza, taratibu, kama majani hayajapita kiasi. Nimemwambia yasiguswe, Mama Mongina anunue kile alichokiona. Aniamini tu. Akasema ananiamini. Nimerudi nyumbani nikitembea juu ya hewa, nikakanyaga kinyesi cha ng'ombe.

Ijumaa, 13 Juni

Sotik, kuulizia bei ya ubao wa jina. Nilipita mbele ya studio ya Bosire bila kutazama, akaniona na kuniita. Alinipa kiti. Akaninunulia soda. Akaisifu lenzi yangu. Mtu mbaya sana.

Jumatatu, 16 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Mama Mongina alishuka kwenye gari na hakuitazama nyumba hata kidogo. Alitazama chai. Machipukizi yamepanda, yamekuwa vijiti, mengine yameinama. Alizunguka shamba lote. Kisha akamuuliza Mzee ni nani anashtakiana na nani. Mzee akasema hakuna. Mama Mongina akatikisa kichwa: "Mzee wangu, mimi nimezaliwa kwa chai. Chai haichumwi ni chai iko na kesi."

Halafu akainua shuka. Akauliza tangi tunalificha nani asilione. Mimi nikajibu kwamba ni kwa ajili ya urembo. Akaingia garini.

Kabla ya chakula cha mchana Kimulot nzima ilikuwa na habari kwamba watoto wa Johana wanapigania shamba. Mwanawe alipiga simu kutoka Soin akiwa karibu kulia, akiuliza amekosea wapi. Pasta alifika na wazee wa kanisa kuwapatanisha. Mzee aliwaambia hakuna ugomvi. Pasta akasema ndivyo familia zote husema mwanzoni, wakapiga magoti. Mzee alipiga magoti pia. Kumwinua ilibidi tushike pande mbili.

Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama Julai bado iko mbali. Niliona aibu kweli, moto mpaka masikioni. Ilinikaa njia nzima hadi nyumbani.

Caren amemwita Bosire.

Jumatano, 18 Juni

Bosire amekuja na simu. SIMU! Na alikuja mchana, wakati wa mvua!

Wachumaji walikuwa wamerudishwa, wamevaa makaratasi ya nailoni, wanavunja vile vijiti na kuvitupa chini ili mashina yawe sawa tena. Akawapiga picha na vikapu vyao. Akatoa shuka na kulipiga picha tangi likipokea maji ya paa. Akangoja lori la majani ya chai lipite, akaipiga barabara ya matope na lori lisilokwama. Akapiga choo. Choo! Hakuna mwanga, hakuna ndoto. Alimaliza kabla chai haijachemka, kisha akachukua kikapu akaanza kuwasaidia akina mama kuchuma. Kujipendekeza tu.

Jumamosi, 21 Juni

Mama Mongina amenunua. Wamekwenda kwa wakili. Anasema ameona maji, ameona barabara, ameona watu wakichuma kwa amani.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu. Mara ya kwanza alikuja kwa picha za nani? Zangu. Kwa hiyo nyumba nimeiuza mimi. Nimempigia Caren kumweleza. Kabla sijamaliza, mtandao ukapotea. Huku kwetu mtandao ni shida.

Jumamosi, 28 Juni

Mzee Johana amehama. Julai haikumkuta.

Pikapu ikiwa imeshapakiwa, aliniomba picha moja ya kwenda nayo. Nikadhani anataka zile za kijani. Hapana. Alitaka ile ya kwanza, ya ukungu, ambayo Caren aliikataa. Nilikuwa nayo ndani ya mkoba, nimeichapisha kubwa. Aliishika muda mrefu. Akaweka kidole kwenye weupe, mahali pasipo na kitu, akasema hapo ndipo mkewe alikuwa akisimama kila asubuhi kumwita kwamba chai iko tayari. "Haonekani," akasema, "lakini yuko."

Nililia. Yeye pia. Dereva akapiga honi. Nilibaki nimesimama mpaka pikapu ikamezwa na kona, na nilimpenda yule mzee kuliko kamera.

Jumapili, 20 Julai

Sasa nimeelewa kila kitu. Ni ukungu! Watu wanataka ukungu! Caren bado hapatikani kwenye simu, kwa hiyo nitaanza peke yangu, kwa nyumba yetu, iwe mfano wa kuwaonyesha wateja. Ukungu juu, kijani chini. Tangi nimelifunika kwa shuka ya Mama. Tangu mwanzo wa mwezi nimemkataza kuchuma chai yetu, na alipokataa kukatazwa nikavificha vikapu. Majani yamepanda vizuri ajabu.

Jioni hii Mjomba Kipsang amepiga simu. Amesikia habari za shamba letu. Anakuja kesho na wazee, anataka kujua nani amemshtaki nani. Na akishafika, amesema, atamtazama na yule mtamba wake, bila shaka sasa ana mimba.

Nimemwomba aje alfajiri. Kwenye ukungu, hakuna anayeweza kusema kwamba mtamba hayuko.