Malalamiko ya Fundi Bomba Dhidi ya Sindano Yako

Mheshimiwa Daktari Bingwa wa Uzazi,

Kwa heshima zote, na huku nimebana miguu, nakuandikia kupinga upasuaji unaotaka kunifanyia.

1. Ulisema mbegu ninazo tele, ila mrija umeziba tangu nizaliwe, hivyo utapitisha sindano kwenye korodani uzichote humo humo. Mimi ni fundi bomba. Bomba la mteja likiziba, sitoboi tangi. Nilipokushauri tuanze kwa kuzibua, ulinijibu kwamba hapo hapazibuliki, kana kwamba nimeuliza habari za sinki.

2. Miaka yote hii mke wangu ndiye aliyekunywa dawa chungu, na mama yangu ndiye aliyekuwa akimkagua tumbo kila akija kutusalimia. Tangu majibu yako yatoke, mama anamletea mkwewe matunda na mimi hanisemeshi. Nakudai mama yangu.

3. Mke wangu hakunicheka. Kuchekwa ningevumilia. Alinishika bega akasema, "Mume wangu, mimi nimechomwa sindano nyingi kwa ajili yetu. Wewe unaombwa moja." Iliniuma. Tabia hii ya kusamehe watu bila taarifa ikomeshwe.

4. Nilikupa suluhisho la kifundi, ukalikataa. Mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja, ana watoto wawili na haogopi sindano. Spea ya aina ile ile haikatai kukaa. Mchome yeye, mbegu mpandikizie mke wangu, na kwenye jina la baba niandikwe mimi. Wewe ukatabasamu, ukatazama dirishani. Huo ndio uungwana?

Kwa hiyo naomba tarehe yangu ifutwe, na ganzi yangu apewe mwenye shida.

Nisalimie wauguzi wote, wa mapokezi, na mlinzi wa getini aliyeniuliza nimekuja kumwona nani, nikamwambia shangazi.

Wako mwenye msimamo,
Fundi bomba, mume wa mtu asiye na tatizo lolote

Tanbihi: Kabla ya kuifunga barua nilimpa mdogo wangu aisome, ili ajiandae. Aliisoma mpaka mwisho, akafunga mlango, akanieleza kwamba na yeye alizaliwa ameziba hivyo hivyo, na wale wawili wanaoniita baba mkubwa wametoka kwenye sindano yako. Aliona haya kuniambia mimi, kaka yake. Tumelia kidogo, kiume, halafu sana. Tarehe usiifute. Kama ipo ya karibu zaidi, mke wangu anasema hata kesho.