Dari Yenye Vipele

Jumatatu, 15 Desemba 2025

Irine amepiga simu kutoka Mwanza. Anakuja Krismasi, atakaa mpaka Mwaka Mpya. Binti yangu wa pekee, na mgeni wangu wa pekee. Nikamuuliza atalala wapi. Akacheka, akasema atalala kwangu kama ile dari haitamwangukia kwenye chai tena.

Kama! Mwaka jana alihamia kwa jirani yangu Koleta siku ya pili tu. Hakusema sababu. Koleta ana dari ya jipsamu yenye taa pembeni, kama ukumbi wa harusi. Sasa sababu nimeijua.

Yangu ni ya mwaka 1984. Siling bodi zilizorushiwa chokaa nzito kwa ufagio, ikaganda vipele vipele. Siku hizo watu walipanda kutoka Gonja kuja kuitazama. Leo inafanana na uji uliomwagika kuelekea juu. Nikipiga chafya, kipande kinaanguka.

Vipele vitaondoka kabla Irine hajafika.

Jumanne, 16 Desemba

Fundi Vitus amekuja kutazama. Kasema nisithubutu kuikwangua. Dari za zamani hizi hujui zimechanganywa na nini, na vumbi lake si la kuvuta. Nipigilie bodi mpya chini yake, nisahau. Bodi gani? Jipsamu.

Jipsamu! Koleta apate kusema nimemwiga! Nimemshukuru Vitus, nikamsindikiza mpaka barabarani. Alitembea haraka.

Jioni nimemwona Paschal, mwenyekiti wa kitongoji. Keshokutwa kuna msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji. Nimemwomba watu wakutanie uani kwangu, nitawapikia makande. Akanitazama, akauliza kama naumwa. Nikamwambia ni moyo wa kujitolea tu. Kakubali.

Wakishashiba nitawaonyesha dari. Mtu aliyekula makande yako hana uso wa kukataa.

Alhamisi, 18 Desemba

Wamekuja wote, na majembe yao. Sijaona watu wengi hivyo uani tangu msiba wa mama yake Irine. Makande yalikolea. Hata Koleta alirudia. Kelele, utani, watoto chini ya dirisha. Kwa muda nikasahau kwa nini niliwaita.

Nilipokumbuka nikasimama, nikasema kabla ya mfereji kuna kikazi kidogo ndani. Wakaingia. Wakatazama juu. Kisha Chande wa dukani akauliza, tangu lini mfereji unapita darini, mzee wetu? Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Paschal akasema msaragambo ni wa kazi ya wote, dari ni ya mwenye nyumba. Akakumbusha pia kwamba asiyefika mferejini anapigwa faini. Hata mwenye makande.

Nimechimba tope mpaka jioni. Kutoka mferejini kila mtu alikwenda kwake.

Koleta amerudisha sufuria, limeoshwa. Anachunguza nyumba yangu, huyo. Kasema Krismasi twende kwake mimi na Irine, kuna mchele wa Kihurio. Nimemjibu kwetu nako kutapikwa.

Jumamosi, 20 Desemba

Akili mpya! Vitus kakataza vumbi. Maji hakukataza. Nimejaza bomba la mgongoni la kupulizia maharage dawa, nikalowesha dari yote. Mara mbili. Vipele vimelainika vizuri sana.

Bodi nazo. Dari imeota kitambi katikati ya sebule. Nimekishikiza kwa mti wa kamba ya nguo. Nyumba nzima inanuka dawa ya wadudu.

Jumanne, 23 Desemba

Irine amefika na gari la jioni kutoka Same. Nilikuwa juu ya ngazi. Akaiambia miguu yangu shikamoo baba. Nikakiitikia kilemba chake marahaba. Ameleta sato wa kukaanga. Kauliza nashuka saa ngapi. Nikasema sasa hivi.

Sato alikuwa amepoa, lakini mtamu.

Jumatano, 24 Desemba

Kitambi kimehama. Ninakisukuma huku, kinatokea kule. Irine alivuta kigoda akakaa karibu na ngazi, akaanza kunisimulia habari za Mwanza. Nilisikia nusu, nilikuwa na misumari mdomoni. Kuna mtu anaitwa Rodrick. Ama ni bosi wake ama ni mchumba. Akasema, baba, unanisikia lakini? Nikasema mm.

Baadaye akaniita twende ibada ya mkesha. Nikamwambia atangulie, nimeshika dari. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeishika kwa mikono miwili.

Alhamisi, 25 Desemba

Dari imeanguka. Mimi nilikuwa chini yake. Irine alikuwa kwa Koleta, ananisubiri, wali unapoa.

Wakaja wote wawili na sahani iliyofunikwa. Koleta akatazama kenchi za paa, akasema angalau sasa Baba Irine unapata hewa. Akasema niache hayo, nije, kiti changu kipo mezani tangu asubuhi. Fitina! Anataka nikaione dari yake. Nimesema nina kazi ya kuzoa.

Irine alibaki mlangoni. Kasema ile habari ya chai ilikuwa utani. Mwaka jana alihamia kwa Koleta kwa sababu alikaa siku mbili akitazama mgongo wangu, natengeneza mlango. Nikamweleza mlango ule ulikuwa unakwaruza sana. Akashika ufagio, tukazoa.

Jumamosi, 27 Desemba

Irine ameondoka. Kazini wanamhitaji, kasema. Alinikumbatia pale kwenye gari, akaenda na chokaa yangu begani.

Koleta alikuwa barabarani anapunga mkono. Akaniuliza nitakula nini leo. Nimemwambia nina makande. Sina.

Jumapili, 28 Desemba

Nyumba kimya. Upepo unapita juu ya kuta, chumba hadi chumba. Nimekaa sebuleni, mara ya kwanza tangu wiki iliyopita, nifikiri vizuri kwa nini hakukaa mpaka Mwaka Mpya.

Kiti kikayumba.

Nikahamia kingine. Kikayumba! Sakafu! Saruji imebonyea kuanzia mlangoni mpaka dirishani, na mimi siku zote natazama juu. Nani atakaa siku nyingi kwenye nyumba inayoyumba?

Nimempigia simu hapohapo, nikamwambia aje Pasaka, tatizo nimelipata. Akauliza kama safari hii nitakaa naye chini.

Nikamwambia hapana, hapatakuwa na mahali. Sakafu yote nitakuwa nimeing'oa.