Mjomba Aliyehesabu Hadi Mia

Jumatatu, 15 Oktoba 2007

Leo Ulaya imetetemeka. Mnorwei mwenye picha ya mbwa ametupa karata zake mbele yangu mara mbili. Mara mbili! Kutoka hapa Masasi hadi mto Ruvuma hakuna mtu mwingine anayeogopwa na Wazungu asiowahi kuwaona. Na shule niliishia darasa la sita tu. Mwalimu mwenyewe alikiri hana tena la kuniongezea.

Mchezo unaitwa poka. Karata mbili za siri, tano za hadharani, na meza ni kompyuta ya Ambrosi. Hatuchezei fedha. Tunachezea vibao vya kuchora, lakini heshima yake ni ya kweli. Kafe ya Ambrosi ipo hapa Mkomaindo: kompyuta nne, dishi juu ya bati, jenereta uani. Kwenye kioo unaona meza na viti, na kila mchezaji jina lake limeandikwa kwenye kiti chake. Langu silitaji hata humu daftarini. Usalama. Ambrosi ndiye aliyeniandikisha, na kila akiliona hukohoa ili asicheke.

Godwin anakufa kutaka kulijua. Huyu alikuwa mtunza stoo, sasa amestaafu, anakaa kompyuta ya jirani akicheza karata za peke yake. Peke yake, na bado anashindwa! Akinyoosha shingo, nafunika kioo kwa kofia.

Nimerudi nyumbani saa kumi na moja. Nimepiga hodi mlangoni kwangu mwenyewe. Sijui kwa nini. Mama Fotu hayupo tangu Agosti. Majirani nimewaambia amekwenda kwao Chilangala kuokota korosho. Agosti korosho hazijaanguka hata moja. Majirani ni watu wa adabu, hawakuuliza.

Jumanne, 16 Oktoba

Barua ya dada Ethel kutoka Makote. Posa ya binti yake Witness imepangwa upya, Jumamosi hii. Nimo ndani ya barua nzima, mwanzo mpaka mwisho, maana kwetu posa haijibiwi na baba. Anajibu mjomba. Mshenga anaweka jembe jipya chini mbele ya mjomba. Mjomba akiliokota akampa dada yake, imekubaliwa, vigelegele. Chakula kikitoka na jembe bado lipo chini, basi, imekataliwa, mshenga anafunga mzigo wake. Mjomba ni mimi. Bila mimi mtoto yule atazeekea jikoni kwa mama yake.

Ni kweli Agosti waliweka jembe na mimi sikuwepo. Nilikuwa na wafalme watatu. Mtu mwenye wafalme watatu haondoki mezani, hata Baba Askofu angenielewa. Nilipeleka salamu Makote kwamba nimeshikwa na malaria. Wageni wakakaa, wakanywa maji, wakarudi na jembe lao. Kesho yake Godwin akakutana na mke wangu Severina sokoni, akamuuliza, shemeji, huyu mzee wako hachoki kukaa kwenye kompyuta siku nzima?

Severina hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Alifunga kanga zake kwenye kifurushi, akasema, Baba Fotu, mimi siwezi kuwa mke wa mjomba asiyekuwepo. Siku utakayokuwepo nitasikia.

Chini ya barua Ethel ameongeza: Wifi Severina atakuja Jumamosi kunisaidia kupika. Nimeusoma mstari huo mara nne. Tisa.

Sasa akili. Kwenye poka anayeonyesha shida ndiye anayeliwa. Kwa hiyo nimemwandikia Severina, barua nimempa dereva wa lori la magunia. Nimemwambia nimenenepa. Nimemwambia kuna mama mmoja, Rose, ananiletea chapati kila asubuhi. Hakuna Rose. Hakuna chapati. Huko ndiko kupandisha dau mkononi huna kitu. Atatetemeka.

Alhamisi, 18 Oktoba

Dereva amerudi na kifurushi. Ndani kuna kunde, chumvi na karatasi. Severina anamsalimu sana dada Rose. Anamwomba aloweke kunde usiku kucha, na chapati asiweke pilipili manga, kwa kuwa tumbo la Baba Fotu yeye analijua. Anashukuru kwamba nimepata mtu.

Nimeikodolea macho karatasi hiyo kama ng'ombe anavyolikodolea geti lililofungwa. Anashukuru! Hii ni karata au ni kweli? Mwandiko umenyooka, haukutetemeka hata kidogo. Severina angecheza poka, Norwei ingehama.

Nilifanya kosa la kumuuliza Godwin, kwa mbali, mwanamke akishukuru maana yake nini. Akauliza ameshukuru nini. Nikamtajia Rose. Akacheka mpaka akabonyeza karata mbaya. Akasema Rose anayemjua hapa Mkomaindo ni yule bibi wa kwaya mwenye miaka themanini, na meno ya kutafunia chapati hana, sembuse kuzipika.

Nimepoteza vibao vyote leo. Sababu ni jenereta.

Kunde nimezila. Sikuziloweka. Ngumu.

Ijumaa, 19 Oktoba

Makote, nyumbani kwa Ethel. Nimepanda uwanda wa Makonde kwa lori, baiskeli yangu ikiwa juu ya magunia matupu, nami juu ya baiskeli. Njia nzima watu wanazungumza stakabadhi ghalani, korosho ziende ghala gani, nani aamini karatasi. Mimi nimewaeleza abiria habari za Norwei. Mmoja aliuliza huyo Mnorwei ana mikorosho mingapi.

Severina amefika kabla yangu. Nilimkuta uani anapeta mchele. Ana kanga mpya siijui. Shikamoo za wazee zilikuwa nyingi, ikawa zamu yetu, akasema habari za Masasi. Nikasema nzuri. Akasema Rose hajambo? Nikasema hajambo. Wanawake wote wakainama kwenye nyungo zao, mabega yakitikisika.

Amekonda? Hapana. Ni mimi niliyekuwa nimesahau ukubwa wake hasa. Nyumbani nilikuwa namkumbuka mrefu zaidi.

Mpango wa kesho umekamilika. Mnorwei, kabla ya kufanya lolote, hukaa kimya muda mrefu mpaka watu wanatupa karata wenyewe. Ndipo wanapomwogopa. Kesho jembe likiwekwa, sitaliokota mara moja. Nitahesabu mpaka mia, uso mkavu. Mshenga atajua mtoto wetu hatolewi kama fungu la mchicha. Na Severina ataona mume wake alivyo mzito. Nimefanya mazoezi mbele ya kuku wa Ethel. Kuku ameondoka wa kwanza.

Jumamosi, 20 Oktoba

Naandika haraka, mkono unauma kwa sababu itakayoonekana.

Walikuja saa nne. Mshenga ni Mzee Zabroni wa Newala mjini, fundi baiskeli, tena mtani wetu, mdomo wake hauna breki. Anamsemea kijana mwalimu wa shule ya msingi, mpole, shati limenyooshwa mpaka linakata. Salamu zikaisha. Zabroni akasema wamepita njia wakaona nyumba hii ina kivuli, wanaomba kupumzika maisha yao yote. Akafungua kanga. Jembe jipya, linang'aa. Akaliweka chini mbele ya miguu yangu.

Uso mkavu. Moja, mbili, tatu.

Hamsini nilifika vizuri. Kwenye sitini na kitu nzi akanitua puani nikapotea. Sikujua ni sitini na tano au sabini na tano. Mtu makini hakisii. Nikaanza upya.

Bibi mmoja akauliza kwa Kimakonde kama nimelala. Ethel akanikanyaga mguu. Nikamezea.

Upande wa jikoni Severina akatoka na maji ya kunawa. Akanawisha wageni wote, polepole, kidole kwa kidole. Akarudi ndani. Mimi arobaini. Akatoka tena na maji, akawanawisha upya. Yule mwalimu alisema asante mama, nimeshanawa. Severina akasema vumbi la Makote baba, nawa tu. Akaninawisha na mimi, akaniangalia. Macho yale! Nikaona ameanza kuniogopa. Uso mkavu. Sabini na moja.

Mara ya tatu alipotoka na maji, Zabroni aliuliza kama hapa posa imegeuka ubatizo.

Nilikuwa tisini na mbili. Tisini na mbili! Bibi kizee mmoja asiyesikia vizuri akachoka na njaa, akaingia jikoni mwenyewe, akatoka na sinia la wali, akalitua katikati ya ukumbi.

Chakula kimetoka. Jembe lipo chini.

Zabroni alilifunga jembe kwenye kanga, akashukuru kwa maji, mengi sana, akamshika kijana mkono wakatoka. Witness alipiga ukelele mmoja chumbani, mfupi. Sitaki kuusikia tena. Nikaona Severina amesimama mlangoni na birika mkononi, anatazama chini. Akasema, taratibu, leo angalau ulikuwepo.

Nilitoka mbio nikachukua baiskeli. Zabroni ana miaka sabini lakini baiskeli ni kazi yake. Aliniacha kwenye mchanga. Mimi nakanyaga, yeye anapungua, mpaka mnyororo wa yule mwalimu ukatoka. Mungu ambariki aliyeutengeneza vibaya, naye ni Zabroni mwenyewe.

Nikalirukia jembe nikalikumbatia. Nikaanguka nalo, ndiyo huu mkono. Zabroni akasema haliokotwi njiani kama embe, aambiwe kwanza kwa nini lilikaa chini. Nikaficha sababu. Akapanda baiskeli. Nikasema nilikuwa nahesabu. Akauliza nahesabu nini. Nikasema mpaka mia. Akauliza ulifika? Nikasema tisini na mbili, mara ya pili.

Alicheka akakaa chini mchangani. Alicheka akavua kofia. Halafu akatoa hukumu ya utani: nirudi kwa miguu nimebeba jembe kichwani, nikihesabu kwa sauti mpaka mia, kijiji kisikie. Nimehesabu. Watoto wa Makote wamenisaidia. Nilipofika mia nilikuwa mlangoni kwa Ethel, nikamkabidhi jembe. Vigelegele. Witness alinibusu mkono huu unaouma.

Na Severina akacheka. Aliziba mdomo kwa kanga lakini nilikisikia, kile kicheko chake kinachoanza kwa kukwama. Tangu Agosti sijakisikia. Ningeambiwa nirudie kuhesabu mpaka elfu, ningeuliza tu jembe liko wapi.

Jumapili, 21 Oktoba

Baada ya ibada Severina amenisindikiza mpaka njia panda, yeye anaelekea Chilangala, mimi nasubiri lori la Masasi. Alinisukumia baiskeli kwa kuwa mkono wangu umevimba. Tukazungumza mikorosho ya mama yake, ubwiriunga, ule ukungu mweupe, umeunguza maua. Tukazungumza habari za mwanetu Fortunatus, barua haandiki. Aliniuliza kama mlango wa uani bado unakwama. Nikasema bado. Akasema unauinua kidogo ndipo unausukuma. Nikasema najua.

Lori likasikika mbali. Akasimama mbele yangu. Akasema, Baba Fotu, una neno la kuniambia?

Maneno yalikuwepo. Mawili tu. Yalikuwa yameshafika kooni. Lakini nilimtazama nikaona amelegea, mkono wake uko juu ya usukani wa baiskeli, hautaki kuondoka, na kila mcheza poka anajua: mpinzani akilegea, hapo ndipo pa kukaa kimya, umwache aje mwenyewe. Uso mkavu.

Nikasema hapana, mama, mambo yote shwari.

Akangoja. Alingoja, sasa nadhani, karibu mpaka sitini. Akafunga kanga upya, akasema haya, safari njema, msalimie Rose.

Nilimtazama kutoka juu ya magunia. Alipofika kwenye mkorosho wa kona aligeuka. Nadhani aligeuka. Vumbi lilikuwa jingi.

Jumanne, 23 Oktoba

Kafe. Nimewaeleza Ambrosi na wateja wote jinsi nilivyombana mshenga kwa ukimya mpaka akakimbia kwa baiskeli, na nilivyomrudisha. Wamestaajabu. Godwin hakustaajabu. Amepokea simu kutoka Newala. Nilipoketi alianza kuhesabu kwa sauti ya chini, moja, mbili, tatu. Nimemfunikia kioo.

Kuhusu Severina, hali ni nzuri mno. Nimemwacha na zamu. Aliuliza kwanza yeye, kwa hiyo aliyeonyesha shida ni yeye. Ijumaa dereva wa lori ataleta habari. Nikijibu mapema nitaharibu. Nitakaa kimya wiki mbili, labda tatu. Korosho zikiisha atakuwa hoi.

Mnorwei amenishinda leo mara sita. Si kitu. Ukweli ni kwamba sikuwa nacheza. Mara nyingi huwa sichezi. Agosti ile alipoondoka nilimwomba Ambrosi afute jina langu la Simba wa Masasi aniandikishe upya, na mashine ilipouliza jina, nikamtajia. Tangu hapo nalipa saa yangu, nafunika kioo kwa kofia, nasogea karibu, nalitazama tu limekaa pale kwenye kiti cha sita, herufi nane, kati ya Mnorwei na Mbrazili, halijasimama, halijaenda kokote.

Severina.