Kaseti za Mnorwe Zilivyoniulia Mume

Leo nimemlilia mume wangu mbele ya wapangaji wa ploti nzima, nikajigaragaza chini, na mume wangu hajafa. Nasema mapema ili mtu asinitumie rambirambi. Wengine mmeshatuma. Komeni.

Sikilizeni. Baba Blessing, mume wangu, ni fundi wa redio hapa mtaani Obunga. Tuna vyumba viwili, kimoja cha kulala na cha kando ndicho karakana yake. Majuzi alipata kazi ya mzungu mmoja anayeishi Kisian, mzee mpole, analima sukuma, anavaa sandali na soksi. Ametoka Norwe. Alituma katoni ya kaseti za zamani zihamishwe kwa kompyuta. Ni muziki aliorekodi akiwa kijana, peke yake, kwa stoo ya mamake, wakati wa baridi. Ngoma yeye, gita yeye, kuimba yeye. (Hakuwa na marafiki, mimi naona.)

Kaseti haiharakishwi. Kama ni ya saa moja, itacheza saa moja. Kwa hivyo Baba Blessing anavaa hedifoni kutwa nzima, na mimi sikuwa nimesikia hata kidogo hiyo muziki inafanana na nini. Laiti ningesikia.

Asubuhi tuligombana. Kuna waya yake ya stima imechubuka, ameifunga na karatasi ya nailoni. Nikamwambia, "Baba Blessing, hiyo waya itakuua."

"Imekaa miaka tatu, itaniua leo?"

"Ikikuua usitarajie nilie."

Nikafunga mtoto mgongoni, nikabeba nguo, nikaenda kufua mferejini.

Nilirudi kama saa nne. Mlango wa karakana umefungwa. Ni mlango wa chuma wenye kitasa, huwezi kujua kama mtu yuko ndani ama ametoka. Lakini patipati zake, ndara zake za kila siku, zilikuwa pale nje. Na ndani kulikuwa na mngurumo. Mmmmmm. Kama transfoma inayojitayarisha kulipuka.

"Baba Blessing?"

Mmmmmm.

"Wewe! Si naongea na wewe?"

Halafu mtu akapiga kelele.

Si kelele ya mtu aliyejigonga kidole. Ni kelele ya mtu anayechunwa ngozi akiwa macho. Nyuma yake kulikuwa na kitu kinachemka na kukwaruza, shhhhhh, kama samaki mbuta ametupwa kwa mafuta moto. Na kitu kinagonga mbio mbio, du-du-du-du-du, kama visigino vinapiga sakafu. Jamani, nilimwona! Mlango umefungwa lakini nilimwona, ameshika ile waya, nayo haimwachilii.

Nikapiga simu yake, sijui kwa nini. Ikalia ndani. Ikalia mpaka ikakata, na yeye bado anapiga mayowe. Blessing naye akaanza kulia mgongoni. Ana miezi tisa. Nikawaza, huyu hatakumbuka hata uso wa babake, na neno la mwisho nililomwambia babake ni kwamba sitamlilia.

Nikapiga nduru.

Kama wewe si wa huku, elewa kitu kimoja. Huku nduru haiulizwi maswali. Mtu akiisikia anaacha ugali motoni anakuja. Wa kwanza kufika alikuwa Mama Otis, jirani yangu, dagaa za omena bado ziko mkononi. Nyuma yake Mzee Ouko, anayelinda ploti. Nyuma yao watu wote wa upande huu.

"Ni nini?"

"Stima imemshika Baba Blessing!"

Sauti ikatoka tena. Mzee Ouko akarudi nyuma hatua tatu. "Yawa! Hiyo si sauti ya mtu wa kupona."

(Asante, Mzee.)

Nikarukia mlango. Mama Otis akanivuta kwa leso. "Usiguse! Ni chuma hiyo! Unataka mtoto akose nyinyi wote wawili? Mzee, zima stima!"

Mzee Ouko akakimbilia swichi kubwa ya ploti, akaigonga na mti wa fagio. Tap!

Na ile sauti ikakatika. Pale pale. Katikati ya yowe.

Mzee Ouko akavua kofia.

"Ameenda," akasema.

Uwi! Sitawaeleza nilivyolia, kuna watu hapa walinirekodi. Wanaume wakaenda kutafuta mtalimbo wa kuvunja mlango. Viti vikaanza kuletwa. Mama Otis akampigia mama mkwe wangu kule Sondu, kisha akaninyooshea simu ili mama asikie mwanawe anavyoliliwa. Na nyinyi mnajua, hapa kwetu ukilia marehemu unaongea naye. Nikaongea.

"Baba Blessing, amka! Waya nitakununulia mimi! Mama yako atakaa na mimi, nitampikia mpaka nife! Baba Blessing, nisamehe! Ile redio ya marehemu babako haikuibwa! Nilimpatia mtu wa vyuma kuukuu, akanipa beseni!"

Nyuma yangu mtu akauliza, "Beseni gani?"

Sikugeuka. Niliijua hiyo sauti.

"Ile ya kijani?"

Mama Otis akatupa omena juu. Mzee Ouko alitoroka, na mpaka sasa hatujui alipenya wapi kwenye ua. Nilipogeuka, Baba Blessing amesimama hapo na viatu vya kanisani, hedifoni shingoni, na kando yake yule mzungu. Alikuwa ameenda kumpokea stejini, pale matatu zinaposhukisha watu, kwa sababu mzungu hajui njia. Simu aliisahau kwa chaji. Kaseti aliiacha inacheza. Hedifoni alichomoa, akaondoka nayo, na sauti yote ikahamia kwa spika.

Akafungua mlango. Mtu akawasha swichi. Na yule marehemu akaendelea na yowe lake pale pale alipokatizwa. Ploti nzima ikapiga nduru upya.

Mzungu amekuwa mwekundu kama nyanya. Akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Ni mimi naimba," akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na saba."

Mama Otis akamwangalia kwa huruma. "Pole, baba. Nani alikuwa anakuua?"

"Hakuna mtu. Nilikuwa na furaha sana."

Kisha akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Eti tangu arekodi hizo kaseti, mimi ndiye mtu wa kwanza kuzililia. Mamake mwenyewe alikuwa anafunga mlango tu.

Nina hasira. Unatoka bila kumwambia mtu, unaniachia mzungu anayekufa kwa spika, halafu unaniuliza beseni? Tangu saa hiyo Baba Blessing ameiweka ile beseni mbele yake, anaiangalia. Nimemgusa shingo mara tatu nikijifanya natoa uzi. Ina joto. Iko sawa.

Tatizo ni kwamba Mama Otis hakuwa amekata simu, na mama mkwe alisikia yote, hata ile ahadi kwamba atakaa na mimi. Sasa ameshapita Ahero, karibu kufika, anakuja na godoro. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, kwa sababu akishafika huyo mama, hapa hakuna atakayecheka, na wa kwanza kutocheka ni mimi.