Sanduku la Diwani

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu kaniambia nianze kuandika shajara. Anasema nikimpigia simu nalalamika mno, mazungumzo yanakwisha hajajua hata kama mtoto amekula. Malalamiko niyamalizie kwenye daftari, na kila siku nitafute jambo moja la kushukuru. Haya. Nashukuru tiketi zimefika. Mwaka mzima yeye yuko ng'ambo anauguza wazee wa watu, mimi niko huku na karakana yangu ya useremala, binti yetu na paka. Jumapili tunamfuata, wote watatu.

Paka anaitwa Diwani kwa sababu huonekana wakati wa kula tu, akishashiba hasikiki tena. Binti anampenda kuliko anavyonipenda mimi, wala simlaumu. Tangu mama yake aondoke analala naye shingoni kama shali. Leo asubuhi, mswaki mdomoni, ameniambia wazi kwamba Diwani asipopanda ndege na yeye hapandi. Ana miaka saba. Kafanana na mama yake kwa kila kitu, hasa hiki.

Amri za mke wangu ni fupi. Paka apelekwe kwa daktari. Sanduku la kusafiria nilichukue kwa kaka yake. Mimi nisibuni kitu. Huyo kaka yake, shemeji yangu, ni wakala wa mizigo kule uwanja wa ndege, na tangu apewe kile kitambulisho cha kuning'iniza shingoni hakuna jambo duniani asilolijua. Alisema ataniletea sanduku la plastiki. Mimi! Seremala aletewe sanduku! Nimemwambia asijisumbue. Akacheka, akasema sawa shemeji, Mungu atakusimamia.

Kicheko kile sijakipenda.

Jumanne, 4 Machi

Leo ilikuwa kupima. Diwani alipoiona futi akadhani nimemletea mchezo. Nina mikwaruzo mpaka kwenye kiwiko. Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nikamsubiri alale. Alipojikunja kwenye maranda chini ya meza ya kazi, nikampima taratibu: urefu, upana, kimo. Hata sikio halikutikisika. Vipimo safi kabisa, nikaongeza nafasi kidogo juu maana mimi si mkatili.

Shukrani ya leo: usingizi.

Alhamisi, 6 Machi

Jana sikuandika, kazi ilinikolea. Sanduku limekwisha! Mbao ngumu zilizobaki kwenye kabati la bibi harusi, bawaba za shaba, vanishi nimepiga mkono wa kwanza mpaka wa tatu. Mlangoni nimechonga maua. Mama mkwe, ambaye tunakaa naye na ndiye atakayebaki kuangalia nyumba, alilizunguka, halafu akauliza kama ni la paka au la marehemu. Nikasema la paka, mama. Akasema basi paka ana bahati, yeye hata kabati lake la nguo bado anangoja.

Nikalibeba begani mpaka kwa daktari wa mifugo. Kwanza Diwani akachomwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Paka! Ya mbwa! Alinitazama kama nimemwandikisha chama pinzani. Kisha daktari akamwingiza sandukuni amwone. Diwani akaingia, akajaribu kusimama, masikio yakalala, mgongo ukagonga dari. Akabaki amepinda kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda.

Daktari akanieleza kwa upole kwamba sheria ya ndege inataka mnyama aweze kusimama, kugeuka na kujinyoosha, tena matundu ya hewa yawe pande zote. Halafu akauliza, samahani lakini, kama nilimpima amelala. Nikasema hata kidogo. Binti akasema ndiyo, alimpima amelala, yeye alikuwepo.

Namshukuru daktari kwa kuwa hakucheka. Aligeukia dirishani, mabega yakawa yanatikisika, lakini kucheka hakucheka.

Ijumaa, 7 Machi

Niliamka na wazo: niliongezee ghorofa. Lile lile sanduku, nipandishe dari tu, hakuna kilichoharibika. Nikafungua karakana, na nini naona? Paka wa mtaani, mgeni kabisa, kazalia ndani ya sanduku langu. Watoto wamejazana juu ya lile godoro nililoshonewa na fundi cherehani wa jirani. Binti akasimama mlangoni mikono kiunoni, akasema mzazi hasumbuliwi. Mama mkwe akampelekea maziwa. Miaka yote niliyokaa na mama mkwe sijawahi kupelekewa maziwa.

Sanduku sina, safari keshokutwa. Nikalimeza kama dawa chungu, nikampigia shemeji. Sijamaliza hata salamu kashafika. Sanduku la kijivu, plastiki tupu, matundu kila upande, mlango wa chuma kama jela ya kuku. Baya! Diwani akaingia mwenyewe bila kubembelezwa, akajigeuza, akakaa. Msaliti.

Shemeji hakunicheka. Alinishika bega tu, akasema:

"Shemeji, hili usiliguse."

Nikamwahidi. Shukrani ya leo ni kwake. Basi, nimeandika. Asije akasoma.

Jumamosi, 8 Machi

Sikuligusa. Nimeliboresha.

Mtu anielewe. Mke wangu kule amewaambia wenzake wote kazini kwamba mumewe ni fundi. Watakuwa wamekuja naye kutupokea, nina hakika. Halafu mimi nitoke nasukuma beseni? Nimechukua mbao nyembamba, nikalivisha lile plastiki pande zote kwa ile gundi yangu isiyosaliti mtu. Vanishi nimepiga mkono mmoja tu, kwa kuheshimu muda. Limekuwa sanduku la kiungwana. Ukiliona huwezi kujua lina nini moyoni.

Diwani alinusa, akapiga chafya, akapanda juu ya kabati na kukataa mazungumzo. Atazoea. Mama mkwe akauliza paka atapumulia wapi. Nikamwonyesha mlango, nikamwambia hapo, mama, kama sisi sote. Akasema yeye anafunga begi la mjukuu wake, mengine anamwachia Mungu.

Nashukuru kwa mbao nyembamba.

Jumapili, 9 Machi

Naandika kwenye kiti cha kungojea ndege. Daftari liko gotini, nisamehewe mwandiko.

Dada wa kaunta alilipiga sanduku ngumi ndogo, ko ko, kama anabisha hodi. Akalizunguka. Akauliza matundu ya pembeni yamekwenda wapi. Nikamwambia yapo, yako ndani. Akaniambia, kwa adabu kabisa, kwamba mnyama haruki na hili, na kaunta inakaribia kufungwa. Nikaomba keekee nitoboe palepale. Akasema uwanja wa ndege hauna keekee. Nikajaribu kubandua mbao kwa ufunguo wa nyumba, kwa kucha, kwa mkanda wa suruali. Wapi! Ile gundi ilishika kama ilivyokuwa inajisifia. Maisha yangu yote sijawahi kuilaani kazi ya mikono yangu mwenyewe. Leo nimeilaani.

Watu wakapanga foleni nyuma yetu. Nikachuchumaa mbele ya binti, nikamwambia kwa ile sauti ya baba mwenye mpango: Diwani atabaki na bibi kwa sasa, tutamfuata baadaye. Sikujua baadaye ni lini, na yeye alijua sijui.

Hakulia. Alimtoa Diwani sandukuni, akamkumbatia, akaketi sakafuni kando ya begi lake. Akasema:

"Nenda wewe, baba. Mwambie mama sisi tunakuja."

Mimi ndiye niliyelia. Nilimfikiria mke wangu amesimama upande wa pili, mwaka mzima amengoja, halafu natokea peke yangu, au sitokei kabisa. Na yote kwa sababu nilitaka watu waone mbao. Nililia kweli, watu wakinipita na masanduku yao ya magurudumu.

Ndipo nikaona kile kitambulisho kinaning'inia mbele ya pua yangu. Shemeji. Kwapani kabeba sanduku jingine la kijivu, pacha wa lile la kwanza. Nikamuuliza kalitoa wapi.

"Nilinunua mawili," akasema. "Lile la kwanza lilikuwa lako la kuharibu."

Alifunga kikombe cha maji mlangoni, akabandika mishale ya kuonyesha upande wa juu, akaandika jina la Diwani kwa herufi kubwa, akazungumza na dada wa kaunta lugha yao ya mizigo. Dada akachungulia matundu, akatikisa kichwa kukubali.

Diwani sasa. Sanduku jipya, harufu ya dukani, na mzee alikuwa amekwishachoka na sisi. Akatanua miguu yote minne kwenye kingo za mlango, hasukumiki. Binti akambembeleza, shemeji akambembeleza, dada wa kaunta akatazama saa. Sikufikiri. Nilivua shati langu, mbele ya abiria wote, nikalitandika mle ndani. Shati lenye jasho langu na vumbi la mbao la karakana nzima. Diwani akanusa. Akakunja mguu mmoja, akakunja wa pili, akaingia, akajikunja juu yake. Binti akacheka, kwa mara ya kwanza leo.

Mlinzi akaja kuuliza mimi naenda wapi kifua wazi. Kabla sijajibu, shemeji kavua shati lake kanivika, akabaki na fulana na kitambulisho chake. Nikamkumbatia. Nikamwambia asante, kwa sauti, mbele ya mlinzi na kila mtu. Akaniambia ndege haingojei asante, nikimbie.

Nashukuru. Leo sina la kutafuta.

Jumatatu, 10 Machi

Tumefika! Diwani aliletwa kwenye kigari, anapiga kelele kama yuko kwenye kampeni. Daktari wao akamkagua masikio na meno, akasema yuko salama, kachoka tu. Nilimgusa puani nikasikia pua ya baridi, ya paka mzima.

Mke wangu alikuwa pale, peke yake, hana mwenzake hata mmoja wa kazini. Alimshika mtoto, akanishika mimi, akalishika sanduku, tukawa fungu moja tunalia, hakuna aliyejua analiliwa nani. Akaniambia:

"Asante kwa kuniletea wote."

Kwenye gari akauliza shati hili la kaka yake limefikaje mwilini mwangu. Nikasema nguo za safari huchanganyika. Akauliza kama nilibuni chochote. Nikasema hata kidogo. Binti alinitazama kwenye kioo, akatazama nje, akanyamaza. Hilo nalo nalishukuru, tena sana.

Alhamisi, 13 Machi

Nyumba ni ndogo, ghorofa ya juu, kuna kibaraza cha kutosha mtu mmoja na wazo lake. Diwani kateka kingo za dirisha lenye jua. Jana nilimkuta mke wangu kalala na magwanda ya kazi, binti kamlalia mkono, Diwani yuko juu ya wote wawili. Nilisimama pale mpaka miguu ikauma. Mtu anaweza kuwa na zaidi ya hiki? Mimi sijui. Nilirudi jikoni nikanywa maji, nikamshukuru Mungu kwa kila mmoja kwa zamu yake, nilipofika kwa shemeji nikakwama.

Kwa sababu shukrani ya yule bwana haitoshi kwa simu. Mtu aliyekuvua aibu na kukuvika shati lake! Huyo anastahili kitu cha mikono yangu. Nitamtengenezea kiti cha kupumzikia, cha mgongo mrefu, chenye kuchongwa.

Na riziki imejileta. Leo nimekuta kabati la zamani limetupwa chini ya ngazi, mbao nzito za zamani, hazipatikani siku hizi. Nimelipandisha mlango mmoja mmoja. Vipimo vya shemeji sinavyo, lakini shati lake ninalo. Kutoka kola mpaka pindo ni mgongo, mabega unayaona, sehemu ya kukalia mtu mwenye uzoefu anaikisia. Kitakwenda kwa ndege kikiwa kimekamilika, maana zawadi haipelekwi vipande vipande. Yeye si ndiye wa mizigo? Atakipokea mwenyewe. Simwambii, nataka ashtuke.

Mke wangu kauliza kelele gani zile barazani. Nimemwambia natengeneza rafu ya viatu.

Binti alinikuta nimelitandaza shati kwenye mbao, penseli sikioni. Alilitazama shati, akanitazama mimi, akaenda ndani kumpigia mjomba wake simu. Kumsalimia, bila shaka. Nashukuru nimelea mtoto anayekumbuka watu.